Kwa Ovide, na Mchenza Uliokatwa Kabla ya Pasaka

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale, Ovide, tangu tarehe thelathini ya Januari ulipotutoka katika kitanda cha hospitali, mkono wako mmoja ukiwa ndani ya mkono wangu na wa pili ukipapasa shuka. Mimi nilidhani unatafuta rozari. Binti yetu Jeanelle alidhani unatafuta miwani. Ukafungua jicho moja ukasema, "Blanketi limefika chini?" Hukusema tena neno lingine. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, na neno la kuagana ukaupa mti.

Desturi ya gazeti letu ni mistari kumi na picha. Jeanelle aliandika mistari yake, mizuri sana, ina malaika ndani yake na bustani ya milele. Mwishoni akataja wanaokukumbuka: mimi, yeye mwenyewe, mumewe Garland na wajukuu wako wawili. Nikaisoma mara mbili mezani, nikavua miwani.

"Jeanelle, kaka yako yuko wapi?"

"Yuko baharini kwenye visima vyake vya mafuta, Mama. Si ndiko anakoishi?"

"Nauliza kwenye karatasi."

"Aliyeukata mti wa Baba hawezi kuandikwa kwamba anamkumbuka Baba. Watu watatucheka."

"Watu gani hao?"

"Watu wa wilaya nzima ya Lafourche, Mama. Nani hajui?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nimechoka, Ovide, uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilimwambia aiache ile karatasi, nikachukua penseli yako ya kufanyia hesabu za mbao, na nimeandika haya mwenyewe kwa siku tatu. Vidole vyangu unavijua. Asubuhi havishiki hata kijiko. Jeanelle ndiye atakayeyachapa na kuyapeleka gazetini. Nimemwapisha mbele ya picha yako kwamba hatagusa neno hata moja, na kuhusu nafasi, gazeti limekubali kutupa nusu ukurasa kwa sababu mhariri amekula machenza yako tangu akiwa mtoto.

Ulikuwa mtu mwema, nalisema hilo kwanza kabla sijaanza kukusema vibaya. Miaka thelathini na moja ulichomelea vyuma kwenye karakana ya meli, ukarudi nyumbani na shati lenye matundu ya cheche, na hukuwahi kunipigia kelele kwa uchovu wako. Ulikwenda kuziba paa la mjane wa Pitre baada ya kimbunga kabla hujaziba letu, na mimi nikakaa siku nne na ndoo sebuleni. Kila Desemba ulijaza machenza kwenye magunia ukayaweka kwenye ngazi za watu usiku wa kuamkia Krismasi, bila kubisha hodi. Ulidhani hawajui ni nani. Watu wote wa kando ya mto walijua fundo lako la kamba.

Ulikuwa na tabia zako pia. Ulikunywa kahawa ukiwa umekalia ndoo iliyopinduliwa, wakati viti vipo. Uliimba kanisani neno moja nyuma ya wenzako ukasema kwamba wao ndio wanaoharakisha. Utabiri wa hali ya hewa wa televisheni hukuuamini hata kidogo. Uliamini goti lako la kushoto, na linalouma zaidi ni kwamba goti lilikuwa sahihi mara nyingi kuliko televisheni.

Na ulikuwa na ule mti. Uliubebesha kwa mkono wako mwaka Jeanelle alipoanza shule: ulichukua jicho la mchenza wa mama yako, ukalipachika juu ya mguu wa mchungwa mwitu, ukalifunga kwa utambaa kama kidole kilichokatika. Chini mwitu, juu mchenza. Ukanionyesha lile kovu lilipoungana ukaniambia, "Hapa, Melba, ndipo roho yake ilipo. Hapa pakiganda, kwisha." Mimi nikasema ndiyo, ndiyo, nikarudi jikoni. Nilijua kuchuma, kukamua na kutengeneza jamu. Mti wenyewe sikuujua, na sikutaka kuujua, kwa sababu ulikuwa mke mwenzangu.

Si utani. Kila mwezi wa kumi na moja ulipokwisha ulimfukia huyo mwenzangu udongo hadi kiunoni, kovu likawa ndani, salama. Baridi ya kugandisha ikitangazwa ulimwagilia ardhi tangu asubuhi, kwa sababu udongo mbichi unashika joto. Kisha mablanketi. Yangu! Lile la harusi, lile la shangazi Odile, yote. Na balbu za zamani za Krismasi, zile zinazochoma kidole, ukazizungusha chini ya matawi. Vijana wakakuletea taa za kisasa. Ukazishika ukazirudisha. "Hizi za kutazama," ukasema, "mimi nataka za kuota moto."

"Ovide, njoo ule, maharage yanapoa!"

"Yapoe. Mwenzako anatetemeka huku."

"Mwenzangu nani?"

"Si huyu hapa."

"Basi akupikie yeye!"

Ukaja ukala maharage ya baridi na wali mkavu, ukasifu. Na watoto wote wa mtaa uliwafundisha kama katekisimu: blanketi lisifungwe shingoni mwa mti kama kilemba, lishuke mpaka chini, maana joto linatoka ardhini, plastiki isiguse jani, jua likichomoza funua upesi, na mti uliopigwa na baridi haukatwi kabla ya Pasaka. Hilo la mwisho ulilisema kwa kidole juu. Mti ukipigwa unakuwa na majani ya rangi ya tumbaku, unauona umekufa, unakata, kumbe ndani ulikuwa umelala. Subiri Pasaka. Mti wenyewe utakuambia pa kukata. Mara mbili baridi kubwa iliua michenza ya mto mzima, na wa kwetu ukabaki, kwa sababu ulisubiri.

Sasa nifike kwenye mwaka jana. Baridi ile ilikuja na upepo na mvua ya barafu. Ulifunika mchana, vizuri, kama miaka yote. Asubuhi upepo ukawa umefunua upande mmoja, nawe ukauona dirishani ukiwa umevaa kandambili. Nikakwambia, "Ovide, acha. Una miaka sabini na saba. Acha mti ufe." Ukaniambia, "Dakika moja tu." Ngazi ya tatu ya baraza ilikuwa kioo cha barafu, ukateleza. Nyonga ikavunjika, hospitali, mapafu, siku ya tisa ukaenda. Nimeihesabu dakika ile moja mpaka leo.

Tulikuzika Jumatatu, na watu walijaa mpaka barazani. Masufuria ya mchuzi wa gumbo yalikuja mengi hata friji ya jirani ikajaa. Lucien alipewa likizo kazini, akakaa nami baada ya dada yake kurudi kwake. Alinitengenezea lango, akabadilisha bomba, hakusema mengi. Unamjua mwanao.

Wiki mbili baada ya mazishi mti ukakatwa. Hilo wote wanalijua. Jeanelle alifika mchana ule na mkate, akakuta matawi yamelala uani na Lucien ameshika msumeno.

"Umefanya nini wewe?"

"Ulikuwa umekauka."

"Nani kakwambia umekauka? Hata Kwaresima haijaanza! Baba alisema Pasaka, Lucien! Maisha yetu yote alisema Pasaka!"

"Ni mti tu, Jeanelle."

"Ni mti tu? Baba amekufa kwa huu mti tu. Umemzika mara mbili, unasikia? Mara mbili!"

Mimi nilikuwa nimesimama barazani na kitambaa cha vyombo. Lucien akanitazama. Alinitazama muda mrefu, Ovide, na msumeno mkononi. Nikasema, "Msigombane, wanangu." Nikasema hivyo tu. Akatia msumeno kwenye gari akaondoka, na tangu siku ile hajakanyaga uani kwetu. Hupiga simu Jumapili kutoka baharini. Huniuliza kama nimekula. Jeanelle akiwapo, naenda kuongea bafuni.

Wiki ya pili baada ya Pasaka kisiki kikachipua. Jeanelle ndiye aliyeona. Alipiga ukelele nikadhani nyoka. Machipukizi matano, ya kijani kibichi, yanatoka pale pale ardhini. Alipiga magoti kwenye matope na suruali ya kazini, akalia, akasema Baba amerudi. Alileta maji ya baraka. Akawaambia watu kanisani, na watu wakaja kutazama, wengine wakagusa. Na kila aliyekuja aliambiwa: "Siyo kwa hisani ya fulani."

Basi nikawa mlezi wa mwenzangu. Nilimwagilia kiangazi chote na miguu hii. Nilimpalilia. Machipukizi yakarefuka haraka ajabu, yakaota miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Mchenza wetu haukuwa na miiba. Nikamwambia Jeanelle kwamba mti uliojeruhiwa huota miiba, kama mtu aliyefiwa. Alinikubalia, tukanywa kahawa. Mwezi wa kumi na moja majani yakaanza kudondoka, yakaisha yote. Tukaogopa. Tukajua ni baridi imeuingia mapema, tukaongeza mablanketi.

Baridi ya kugandisha imekuja tena na tena majira haya. Mara tatu nimeyabeba mablanketi yale kutoka ghalani, yakiwa mazito kwa ukungu, nikayatandaza, nikaweka matofali pembeni yasipeperuke, nikatafuta balbu zako za zamani kwenye makopo ya rangi. Jeanelle ana kazi yake mjini. Huja Jumamosi, lakini baridi haijui Jumamosi. Asubuhi nafunua, mchana nafunika. Siku moja nilikaa chini kwenye nyasi kati ya blanketi la tatu na la nne nikashindwa kuinuka, nikabaki pale mpaka mtu wa posta akanivuta. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia namfunika mume wangu. Akaondoka haraka kidogo.

Unamkumbuka Bwana Alcide Dufrene, rafiki yako wa kubebesha miti. Alikuwa kwa bintiye tangu mwezi wa sita kwa sababu ya goti lake jipya, akarudi baada ya Mwaka Mpya. Jumamosi mbili zilizopita alikuja na fimbo yake kunipa pole, akanikuta nafunua. Jeanelle alikuwa analeta kahawa.

"Bi Melba, asubuhi yote hii unamfunua nani?"

"Mchenza wa Ovide. Umechipua, hujasikia?"

"Nimesikia. Ndiyo nimekuja kuuona."

Akainama taratibu, goti likalia. Akashika kijiti kimoja katikati ya miiba, akakizungusha. Kwanza akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

"Bi Melba, majani yake yalikuwaje?"

"Kama majani."

"Moja moja, au matatu matatu kwenye kikonyo kimoja?"

Jeanelle akajibu, "Matatu matatu. Kwani vipi?"

"Huu siyo mchenza, binti yangu. Huu ni mguu wake. Mchungwa mwitu. Mchenza haupo tena."

"Ila miiba ni ya msiba," nikasema. Nilisikia jinsi nilivyosikika.

"Miiba ni ya mwitu. Na huyu, Bi Melba, haogopi baridi. Ungemwacha uchi mwezi mzima kwenye barafu angelala tu. Wala hakuumwa, majani yake huyapukutisha kila mwaka."

"Kwa hiyo mablanketi..."

"Ulikuwa unamvalisha samaki koti."

Nilikaa kwenye ndoo yako. Mwaka mzima nimetwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe kina miiba.

Bwana Alcide hakuishia hapo, maana unamjua naye, hawezi kuona jambo asilifukue. Alichimba kwa ncha ya fimbo kuzunguka kisiki, akakisugua kwa kidole, akatafuta kovu. Hakuliona. Akatikisa kichwa. "Ovide alifukia udongo mpaka hapa," akasema, akipima kwa kiganja. "Chini ya udongo mchenza ulikuwa mzima, naapa. Mtu angekata juu juu, hata kabla ya Pasaka, ungechipua mchenza. Nani alifukua mpaka huku chini akakata chini ya kovu? Hata mtoto wa hapa hawezi."

"Kaka yangu," akasema Jeanelle, kama mtu anayetema mbegu.

Mimi nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Bwana Alcide akasema mguu ni mzuri, una nguvu, na majira ya kuchipua akipewa ruhusa ataleta jicho kutoka kwenye mchenza wake mwenyewe, ambao wewe ndiye uliyembebeshea kutoka kwa ule wetu. Jeanelle akamshukuru, akasema hapana, hautakuwa ule. Jioni yake ndiyo akaandika tangazo lile lenye malaika, lisilo na Lucien.

Sasa Jeanelle, mwanangu, nakujua utafika hapa vidole vikiwa kwenye vitufe. Usisimame. Uliapa. Chapa mpaka mwisho.

Ovide, ni mimi.

Asubuhi ile nilikuwa naosha vikombe. Dirisha la jikoni linautazama mti, wewe mwenyewe ulipanga hivyo. Ulikuwa umesimama pale na majani yake ya tumbaku, na mablanketi yako bado yako chini yake, yamekakamaa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyaokota. Nikauona unanitazama. Nikamwita Lucien kutoka langoni.

"Lucien, kaukate ule mti."

"Mama, Baba alisema Pasaka."

"Baba yako amekufa kwa sababu yake."

"Wiki nane tu, Mama. Tusubiri. Ukiwa umekufa nitaukata mwenyewe."

"Kata leo. Kata chini kabisa, nisione hata kisiki. Kama huwezi nipe shoka."

"Mama..."

"Nimesema chini kabisa!"

Akafukua udongo wako kwa mikono, Ovide. Hakutumia koleo. Nilimwona dirishani akifukua taratibu kama mtu anayemvua mgonjwa nguo, akasimama, akatazama dirishani kama nitabadili nia. Sikubadili. Nilisikia msumeno, na nakwambia ukweli, nusu saa nzima nilifurahi kama mwanamke aliyemtoa mke mwenzake nyumbani kwa miguu. Kisha gari la Jeanelle likaingia.

Hasira hasara, nimewafundisha hivyo watoto wangu wote wawili. Yangu niliilipa kwa jina la mwanangu. Aliponitazama barazani alikuwa ananingoja niseme. Neno moja tu lilitakiwa. Mimi nikasema msigombane, kana kwamba wamegombea kipande cha keki.

Jumapili iliyofuata nilimwambia kwenye simu kwamba nitasema. Akanijibu, "Usiseme, Mama. Mimi niko baharini, huku hakuna wa kuninunia. Wewe unaishi nao." Nikashukuru, Ovide. Ndivyo nilivyofanya. Nikashukuru nikanyamaza mwaka mzima, kwa sababu Jeanelle alikuwa ananiletea chakula, ananipaka dawa miguuni, ananiosha nywele, nami niliogopa akijua ataondoka na yeye. Nilikuwa na watoto wawili nikamtoa mmoja ili nibaki na mwenzake. Kila blanketi nililobeba nilijidanganya kwamba mti ukipona, na lile neno litapona lenyewe bila mimi kulisema. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeniumbua kijiti cha miiba, na Bwana Alcide na fimbo yake.

Kwa hiyo nyote mliokula machenza ya Ovide, mliomnunia mwanawe kwenye duka la chambo na kanisani siku ya Watakatifu Wote alipokuja kuwasha mshumaa kaburini akaondoka peke yake, sikieni kutoka kwangu. Lucien hakukosea kanuni ya baba yake. Aliisema mbele yangu, akaililia, nami mama yake nikamlazimisha. Hata hapo chini ya kovu alikata kwa kunitii. Mkitaka wa kumnunia, nyumba yangu mnaijua, nipo asubuhi zote.

Jeanelle, wewe hukukosa kwa kumpenda baba yako. Ulikasirika kwa kile ulichokiona, na mimi nilisimama nikakuacha ukione nusu. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi kwa sasa, basi, nywele zangu nitaosha mwenyewe.

Na wewe Ovide, sijui kama huko uliko watu wanakasirika. Duniani ulikasirika mara chache, na ulisamehe baada ya kula. Wiki iliyopita goti langu limeanza kuuma kama lako, na kweli baridi ilikuja. Sikufunika kitu. Nililala mpaka saa mbili na nusu asubuhi, mara ya kwanza tangu ulipoondoka, nikaamka bado nimechoka. Ule mwitu nimeuacha usimame. Mimi sina mikono ya kubebesha, na Bwana Alcide haoni vizuri. Mwenye haki ya kuamua kama utawekwa jicho jipya au utang'olewa ni yule aliyefukua udongo kwa vidole vyake. Nitamngoja aseme mwenyewe. Sitamwambia tena kata wala usikate.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa nne asubuhi, kanisani kwetu, na baada ya hapo kuna kahawa na gumbo nyumbani. Nitapika mwenyewe, msilete masufuria.

Wanaokukumbuka, na hawana siku watakayoacha:

Lucien, mwanao wa kwanza, ambaye hakukosa;
Jeanelle, binti yako, na mumewe Garland;
Wajukuu wako Simone na Bryce, wanaobishana nani anafanana nawe zaidi;
Rafiki yako Alcide Dufrene;
na Melba, mkeo, aliyechelewa kusema.

*

Mimi Jeanelle nimechapa kama Mama alivyoandika, neno kwa neno. Nilisimama pale aliposema nisisimame, siku mbili.

Kaka, nimekupigia mara tatu hukupokea. Labda huko kwenye kisima hakuna mtandao, au labda umeona ni mimi. Ninapiga tena kesho. Pokea.